Kiebrania katika Vyuo Vikuu vya Misri: Uhakiki wa Hoja Inayotolewa

Kiebrania ni somo linalofundishwa waziwazi katika vyuo vikuu kadhaa vya Misri, vikiwemo Chuo Kikuu cha Cairo, Ain Shams na al-Azhar. Wanafunzi wanaingia, wanasoma sarufi, fasihi na historia, kisha wanatoka na shahada zao. Kwa upande huo hakuna ajabu. Ajabu iko katika namna somo lenyewe linavyozungumzwa. Mwanafunzi wa Kifaransa haulizwi kwa nini anasoma Kifaransa, ingawa jeshi la Ufaransa liliivamia Misri mwaka 1798 na farasi wake wakaingizwa ndani ya msikiti wa al-Azhar. Mwanafunzi wa Kiingereza naye haulizwi, ingawa Waingereza waliikalia nchi hiyo kwa nguvu tangu mwaka 1882. Lakini mwanafunzi wa Kiebrania huulizwa na jamaa, huulizwa na jirani, na wakati mwingine hutazamwa kwa jicho la tuhuma kabla hajaulizwa.

Jawabu linalotolewa aghalabu ni moja. Husemwa kwamba mwenye kujifunza lugha ya watu husalimika na vitimbi vyao. Kauli hii hutamkwa na wanafunzi, hurudiwa na baadhi ya walimu, na wengi huitaja kuwa ni Hadithi ya Mtume (s.a.w.). Kwa jawabu hilo mjadala hufungwa: muulizaji huridhika na muulizwaji hupumua.

Sisi tunaona mjadala usifungwe hapo. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kauli hiyo ni msingi dhaifu, kwa upande wa isnadi na kwa upande wa maana pia. Msingi madhubuti wa kujifunza Kiebrania upo katika Sunna na katika vitabu vya fiqhi, ila msingi huo unamdai mwanafunzi jambo zito kuliko hadhari. Unamdai amana.

Kauli isiyo na isnadi

Tuanze na isnadi, kwani ndiyo desturi ya wanazuoni. Kauli hiyo haimo katika vitabu sita vya Hadithi, na wanazuoni wa fani hiyo walioulizwa juu yake wamebainisha kwamba haina asili kutoka kwa Mtume (s.a.w.). Ni maneno ya watu yaliyopata umaarufu kwa wepesi wake, na umaarufu wa maneno si dalili ya usahihi wake. Kumnasibishia Mtume (s.a.w.) jambo asilolisema ni hatari kubwa, na onyo lake kwa anayefanya hivyo kwa makusudi limepokewa kwa njia nyingi mno kiasi cha kuhesabiwa mutawatir. Ni jambo la kusikitisha kwamba wanachuo, ambao kazi yao ni kuchunguza matini, wanaitetea fani yao kwa matini isiyochunguzwa.

Tuje kwenye maana. Huenda mtu akasema: hata kama si Hadithi, ni hekima. Sisi tunaona hekima yake ina kasoro tatu.

Ya kwanza, inaifanya khofu kuwa sababu ya elimu. Qur'ani Tukufu, katika Suratur-Rum aya ya 22, inazihesabu tofauti za lugha na rangi zetu kuwa miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, na inasema kwamba katika hayo mna ishara kwa wenye elimu. Lugha ya watu, kwa mujibu wa aya hiyo, ni ishara kabla ya kuwa mtego.

Ya pili, inawahukumu wasemaji wote wa lugha kwa hukumu moja. Qur'ani haifanyi hivyo. Katika Surat Aal Imran aya ya 113 tunaambiwa kwamba Watu wa Kitabu si sawasawa wote, na aya ya 75 ya sura hiyo hiyo inaeleza kwamba miongoni mwao yupo ambaye ukimwekea amana ya mali nyingi atakurudishia, na yupo ambaye ukimwekea dinari moja hatakurudishia. Basi vipi Mwislamu aingie darasani akiwa amekwishahukumu jambo ambalo Mola wake amelitenga mafungu?

Ya tatu, na kwetu ndiyo kubwa zaidi, ni kwamba inamwacha mwanafunzi mwenyewe bila ya kuulizwa. Vitimbi ni vya wale, na usalama ni wetu. Hakuna ndani ya kauli hiyo swali juu ya ukweli wa mfasiri, wala juu ya dhamana aliyoibeba. Tutaona kwamba mafaqihi walianzia hapo hasa ambapo kauli hii inanyamaza.

Zayd bin Thabit (r.a.)

Msingi sahihi ni Hadithi ya Zayd bin Thabit al-Ansari (r.a.), waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, na Bukhari akaitaja kwa njia ya taaliq, yaani bila ya kuiunganisha isnadi yake yote. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina, Zayd alikuwa kijana mdogo wa Banu Najjar. Mtume (s.a.w.) akamwamuru ajifunze maandishi ya Mayahudi, akieleza kwamba hana uhakika nao juu ya barua zake. Zayd anasema haikupita nusu ya mwezi ila alikuwa ameyamudu. Tangu hapo akawa ndiye amwandikiaye Mtume (s.a.w.) anapowaandikia, na ndiye amsomeaye wanapomwandikia yeye. Katika njia nyingine ya upokezi inatajwa lugha ya Kisiriani.

Hapa atasimama mwenye kuipenda ile kauli aseme: si hayo, hata Mtume (s.a.w.) alichelea vitimbi? Tunajibu kwamba ndiyo, hadhari imo, wala hatuikanushi. Lakini tazama jambo lenyewe limehusu nini. Limehusu barua: yaliyoandikwa yafike kama yalivyokusudiwa, na yaliyoletwa yasomwe kama yalivyo. Zayd hakutumwa kupeleleza nyumba za watu. Alitumwa kuwa kalamu na jicho la ukweli kati ya pande mbili zenye mikataba na mawasiliano. Manufaa ya kazi yake yaliwafikia hata waliokuwa upande wa pili, kwani barua yao nayo ilisomwa bila ya kupotoshwa.

Tena neno lililotumika katika mapokezi ya Abu Daud ni kitabu, yaani maandishi. Mayahudi wa Madina walikuwa wakizungumza Kiarabu na majirani zao, na mashairi ya Kiarabu yamepokewa kutoka kwao. Kwa hiyo haikosi nguvu dhana kwamba alichojifunza Zayd kwa siku kumi na tano zilikuwa ni herufi zaidi kuliko lugha nzima. Msomaji aliweke jambo hili akilini, kwani tutalirudia tutakapofika Fustat.

Na nani huyu aliyeaminiwa na barua hizo? Ni yule yule ambaye Abu Bakr (r.a.), baada ya vita vya Yamama, alimkabidhi kazi ya kuikusanya Qur'ani. Abu Bakr alimtajia sababu za kumchagua: kwamba ni kijana, ana akili, alikuwa akimwandikia Mtume (s.a.w.) wahyi, na kwamba wao hawamtuhumu kwa lolote. Tuizingatie sifa hii ya mwisho. Kujua maandishi ya Mayahudi hakukumtia Zayd doa. Mtu aliyejifunza maandishi hayo ndiye aliyeonekana hana tuhuma kiasi cha kukabidhiwa Mus-haf.

Mafaqihi walivyoisoma Hadithi hii

Imam Bukhari hakuiweka habari ya Zayd katika mlango wa jihadi wala wa hadhari. Aliiweka katika Kitabul-Ahkam, kitabu cha hukumu, chini ya mlango unaohusu wakalimani wa mahakimu na swali la iwapo mkalimani mmoja anatosha. Humo humo akaitaja habari ya Abu Jamra, aliyekuwa akifasiri kati ya Ibn Abbas (r.a.) na watu, na habari ya Heraclius, mfalme wa Warumi, aliyezungumza na Abu Sufyan kwa kupitia mkalimani.

Kutokana na mlango huu mafaqihi wakakhitalifiana. Je, neno la mkalimani mbele ya kadhi ni khabari au ni ushahidi? Abu Hanifa na Abu Yusuf waliona mmoja anatosha, kwa kuwa ni mtoa khabari. Shafi'i, na pia Muhammad bin al-Hasan mwanafunzi wa Abu Hanifa, waliona hapana budi wawe wawili, kwa kuwa neno lao linafanana na ushahidi, na haki za watu zinathibiti au kupotea kwalo. Walikhitalifiana katika idadi. Ama uadilifu, hilo halikuwa na mjadala wa kiwango hicho. Mfasiri asiyeaminika hana nafasi katika baraza la kadhi, hata awe anaijua lugha kuliko wenyewe.

Hii ndiyo tofauti tunayotaka msomaji aione. Kauli mashuhuri inauliza: hao wenye lugha wana vitimbi gani? Fiqhi inauliza: wewe uliyeijua lugha, ni mwadilifu? Swali la kwanza mtu anaweza kulijibu akiwa amekaa nyumbani kwake. La pili linamlazimu ajitazame.

Ibn Taymiyya naye, ambaye katika kitabu chake Iqtidhaa alikemea mazoea ya kuacha Kiarabu na kusema lugha za wengine pasipo haja, anaeleza mahali pengine kwamba kuzungumza na watu kwa istilahi na lugha yao si makuruhu inapohitajika, na kwamba vitabu vyao husomwa na kufasiriwa kwa haja hiyo. Dalili yake ni hii hii ya Zayd. Basi asiyeipenda lugha hii asije akamfanya Ibn Taymiyya kuwa ngao yake.

Mitazamo ya wanafunzi

Tukiyashika hayo, tuwatazame wanafunzi wenyewe. Watafiti wa elimu ya lugha wamezoea kupima mitazamo kwa hojaji. Mwanafunzi hupewa sentensi nyingi, naye hutia alama kama anakubali au anakataa. Mizani yao kubwa ni ile iliyoenezwa na Gardner na Lambert wa Kanada, kuanzia makala yao ya mwaka 1959 hadi kitabu chao cha mwaka 1972. Waliigawa ari ya mwanafunzi mafungu mawili: yule anayeitaka lugha kama chombo, yaani kwa kazi, cheti au mshahara, na yule anayeitaka ili awe karibu na wenye lugha na kushiriki maisha yao.

Mizani hiyo ilitengenezwa Montreal, mji ambao wasemaji wa Kiingereza na wa Kifaransa wanaishi mtaa kwa mtaa. Ukiipeleka Cairo inakosa mahali pa kukaa. Mwanafunzi wa Kiebrania pale hakusudii kuwa mmoja wa wenye lugha. Jamii yake haimruhusu, na jumuiya za kitaaluma za nchi yake zinakataza mahusiano na Israel. Ali Salem, mwandishi wa tamthilia aliyekwenda Israel kwa gari yake mwaka 1994 na kuandika kitabu juu ya safari hiyo, alifukuzwa katika jumuiya ya waandishi ya Misri mwaka 2001. Likishafutwa fungu la pili, hubakia fungu la kwanza, na mtafiti hulazimika kuandika kwamba wanafunzi wanasoma kwa ajili ya kazi tu. Kasoro hapo ni ya hojaji kabla ya kuwa ya wanafunzi. Haina sentensi inayomuuliza kama anaiona elimu hii kuwa ni dhamana aliyoibeba kwa niaba ya wengine, jambo ambalo sisi tunaliita faradhi ya kutoshelezana, fardhu kifaya.

Hatusemi kazi ni aibu. Wapo wanaotazamia utalii wa Sinai, wapo wanaotazamia magazeti na idara za tafsiri, na wapo walioingia idara hiyo kwa sababu alama zao za mtihani wa sekondari ndizo zilizowapeleka huko. Kutafuta riziki kwa halali ni ibada. Tunachosema ni kwamba kijana anayesoma kwa ajili ya riziki, akiulizwa na jirani, huona haya kutaja riziki, naye hukimbilia kwenye ile kauli. Hivyo kauli hiyo imekuwa ni stara ya kujifunika zaidi kuliko kuwa itikadi ya mwenye kuisema.

Na jamii nayo imesaidia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 televisheni ya Misri ilionyesha mchezo wa Raafat el-Haggan, uliojengwa juu ya kisa cha jasusi wa Kimisri aliyeishi Israel kwa jina la bandia, nao ukapendwa mno. Taswira iliyokaa vichwani ni kwamba Mwarabu anayejua Kiebrania ni jasusi wetu, na kama si wetu, basi ni wao. Kati ya majasusi wawili hao mwanachuoni hana kiti.

Tafsiri kwa kupitia lugha ya tatu

Hasara ya mtazamo huu imeonekana wazi. Mwezi Mei 2008 Farouk Hosni, aliyekuwa waziri wa utamaduni wa Misri, alisema bungeni kwamba vikipatikana vitabu vya Kiisraeli katika maktaba za nchi yake atavichoma mwenyewe. Mwaka uliofuata, akiwa anagombea ukurugenzi mkuu wa UNESCO, aliomba radhi kwa maneno hayo. Na bado hakuupata wadhifa huo. Katika mwaka huo huo wa 2009 ilitangazwa kwamba riwaya za Amos Oz na David Grossman zitafasiriwa kwa Kiarabu nchini Misri, lakini kutokana na tafsiri za lugha za Ulaya, ili kuepuka kuingia mikataba na wachapishaji wa Israel.

Hatujadili hapa uamuzi wa kutoingia mikataba. Hilo lina wenyewe na sababu zake zinajulikana. Tunachouliza ni cha kielimu. Nchi yenye idara za Kiebrania katika vyuo vyake, yenye maprofesa na wahitimu wa miaka mingi, imefikaje mahali pa kusoma Kiebrania kwa macho ya Mwingereza? Wanazuoni wa Hadithi walisafiri miezi kwa ajili ya kupata isnadi iliyo juu, yaani yenye wapokezi wachache, kwani kila mpokezi anayeongezeka ni mlango wa kosa unaoongezeka. Hapa imefanywa kinyume: mpokezi wa katikati ameongezwa kwa makusudi, ilhali wenye uwezo wa kupokea moja kwa moja wapo mjini. Angekuwepo mmoja wa watu wa isnadi angesema tumeshuka pasipo dharura.

Hazina ya Fustat

Lakini hasara kubwa zaidi haiko katika riwaya za leo. Iko katika historia ya Misri yenyewe.

Katika Fustat, mji mkongwe wa Waislamu uliomezwa na Cairo, lipo sinagogi la Ben Ezra. Mayahudi wa hapo walikuwa na desturi ya kutotupa karatasi iliyoandikwa, wakiziweka katika chumba kinachoitwa geniza. Mwaka 1896 na 1897 Solomon Schechter, mwalimu wa Cambridge, alipata ruhusa akachukua sehemu kubwa ya karatasi hizo hadi Uingereza. Cambridge peke yake ina vipande zaidi ya 190,000. Mna vitabu vya dini, lakini mna pia barua za wafanyabiashara, hati za ndoa, mirathi, madeni, bei za vitambaa na malalamiko ya wajane, nyingi zikiwa za zama za Fatimiya na Ayyubiya. Mna barua za biashara kati ya Fustat, Aden na pwani ya Malabar, yaani biashara ya Bahari hii hii ya Hindi ambayo babu zetu waliisafiria.

Sehemu kubwa ya nyaraka hizo za maisha ya kila siku si Kiebrania. Ni Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Msomaji wa Kiswahili hatapata taabu kulielewa hili, kwani wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa, na anayejua Kiswahili bila ya herufi hizo hawezi kuzisoma barua za babu zake. Mwanafunzi wa Kimisri yuko katika hali hiyo hiyo. Lugha ni yake, mji ni wake, sarafu na mizani zinazotajwa ni za masoko yake. Kinachomzuia ni herufi tu. Anachohitaji ni kile kile alichojifunza Zayd kwa nusu ya mwezi.

Tena humo humo zimo hati zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu: hati za makadhi na maombi ya raia kwa watawala. Geoffrey Khan alichapisha sehemu yake mwaka 1993. Marina Rustow, katika kitabu chake cha mwaka 2020, ameonyesha jinsi amri za dola ya Fatimiya zilivyokatwakatwa, karatasi zake zikatumiwa tena na Mayahudi kuandikia mambo yao. Kwa maneno mengine, hati za dola ya Kiislamu zimesalimika kwa sababu zilihifadhiwa katika ghala la sinagogi, na mara nyingine upande mmoja wa karatasi ni Kiarabu na wa pili ni Kiebrania. Anayetaka kuijua fiqhi ilivyotekelezwa katika Misri ya karne ya 11 au ya 12, namna hati zilivyothibitishwa na mashahidi walivyoandika, ana cha kutafuta humo.

Mwandishi mkubwa wa historia hiyo ni S. D. Goitein, mzaliwa wa Ujerumani, ambaye majuzuu matano ya kitabu chake juu ya jamii ya Bahari ya Kati yalitoka kati ya mwaka 1967 na 1988. Tunamshukuru kwa kazi yake, na wapo wasomi wa Kimisri walioingia uwanja huo. Lakini mwanafunzi aliyeambiwa kwamba Kiebrania ni lugha ya kujikinga na vitimbi, atajuaje kwamba ndani ya herufi hizo mna mtaa wake mwenyewe?

Hata sarufi atakayoisoma si ngeni kwake. Saadia, aliyezaliwa Fayyum ya Misri, aliifasiri Taurati kwa Kiarabu. Hayyuj huko Cordoba aliupanga mfumo wa vitenzi vya Kiebrania kwa mizizi ya herufi tatu akifuata njia ya wanasarufi wa Kiarabu, na Ibn Janah akaandika sarufi yake, Kitab al-Luma', kwa Kiarabu. Musa bin Maymun, aliyefariki Misri mwaka 1204, aliandika kitabu chake kikubwa cha falsafa kwa Kiarabu. Lugha mbili hizi zimeleana.

Pingamizi la wanaoogopa mahusiano

Wapo wanaosema: maneno yenu ni mazuri, lakini mlango huu ukifunguliwa utaingia kile kinachoitwa tatbii, yaani kuifanya hali ya uvamizi wa Palestina kuwa ni hali ya kawaida. Pingamizi hili ni zito na tunaliheshimu. Machungu ya Palestina si ya kuwekwa pembeni kwa ajili ya raha ya wasomi.

Jawabu letu ni kwamba mkataba ni kitu kimoja na elimu ni kitu kingine. Mwaka 2012 serikali ya Hamas huko Gaza ilianza kufundisha Kiebrania kama somo la hiari katika shule zake. Hakuna aliyeweza kuwaambia wale kwamba wamefanya tatbii. Wafungwa wengi wa Kipalestina wamejifunza lugha hiyo magerezani, wakasoma kwayo magazeti na sheria zinazowahukumu. Kuwait, nchi isiyo na mahusiano na Israel, mwaka 1986 ilichapisha katika mfululizo wa Alam al-Maarifa kitabu cha Rashad al-Shami, profesa wa Kiebrania wa Ain Shams. Hata hivyo anwani ya kitabu hicho inataja shakhsia ya Kiyahudi ya Kiisraeli na roho ya uchokozi, nasi tunaona hapo athari ya ile kauli: watu wote wamewekwa chini ya sifa moja kabla ya ukurasa wa kwanza. Anayeudhulumiwa umma wake ana haki ya kuitaja dhulma kwa jina lake na kumtaja aliyeitenda. Lakini Suratul-Maida aya ya 8 inatukataza chuki ya watu isitupeleke kwenye kutofanya uadilifu.

Na lugha inayosomwa kwa ajili ya ulinzi tu huzaa elimu pungufu, popote pale. Yonatan Mendel, msomi wa Kiisraeli, katika kitabu chake cha mwaka 2014 amechunguza jinsi ufundishaji wa Kiarabu katika shule za Kiyahudi za Israel ulivyojengwa chini ya kivuli cha jeshi na usalama. Wakapatikana watu wa kuchambua maandishi, si watu wa kuzungumza na jirani zao. Mwaka 2018 sheria ya dola ya taifa ikakiondolea Kiarabu hadhi ya lugha rasmi. Mwislamu anayeliona kosa hilo kwa wengine hapaswi kulifanya kuwa ni mfano wake.

Na sisi je?

Msomaji wetu wa Afrika Mashariki asidhani makala haya yanawahusu Wamisri peke yao. Katika mihadhara ya kulinganisha dini, iliyoenea miji yetu tangu miaka ya 1980, maneno ya Kiebrania hutajwa jukwaani mara kwa mara. Maarufu zaidi ni neno la Wimbo Ulio Bora, sura ya 5 aya ya 16, linalosemwa kuwa limemtaja Mtume (s.a.w.) kwa jina. Hapa hatutoi hukumu juu ya hoja yenyewe. Tunauliza: ni wangapi kati ya wanaolitaja wanaoweza kulisoma katika herufi zake, wakaeleza mzizi wake una maana gani katika Kiebrania, na limetumiwa wapi pengine katika vitabu hivyo? Mwenye kunukuu asichoweza kukisoma amesimama mahali pa mkalimani bila ya sharti ya mkalimani. Akikosea, kosa lake linaonekana mbele ya hadhara, nalo huhesabiwa kuwa ni la Uislamu. Bishara za Mtume (s.a.w.) zinastahiki watetezi wanaojua wanachokisema.

Hitimisho

Tunayoyataka ni haya. Kwanza, kauli mashuhuri isinasibishwe tena kwa Mtume (s.a.w.), na mahali pake ishike Hadithi ya Zayd. Pili, mwanafunzi wa Kiebrania afundishwe pamoja na sarufi mlango wa mkalimani katika fiqhi, ajue kwamba neno lake ni khabari au ni ushahidi, na kwamba ataulizwa juu yake. Tatu, wanachuo wa Kimisri waelekezwe kwenye nyaraka za Fustat, ambazo nyingi sasa picha zake zinapatikana kwa intaneti bila ya safari wala mkataba na yeyote. Nne, jamii iache kumtuhumu kijana kwa kile alichokisoma, imtazame kwa uadilifu wake, kama Abu Bakr (r.a.) alivyomtazama Zayd.

Suratun-Nisaa aya ya 58 inatuamuru tuzirudishe amana kwa wenyewe. Neno la mtu asiyejua lugha yetu, tulilolisikia na kulielewa, nalo ni amana. Wallahu aalam.